MCHEZO ULIONIFUNZA KUISHI UGENINI

Insha ya mfano

Swali: Andika insha kuhusu mchezo au burudani iliyobadilisha mtazamo wako wa maisha.

Wahenga walinena kuwa ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Tangu nikiwa darasa la nne niliiandika methali hii daftarini, nikaeleza maana yake ya juu na ya ndani, nikapata alama zangu. Lakini methali yenyewe haisemi jicho hufumbwa vipi, wala hufumbwa kwa muda gani. Tena haisemi mtu afanyeje iwapo yeye ameweza kulifumba lakini mwenzake aliyefuatana naye hawezi. Majibu ya maswali hayo niliyapata mbali na darasa, katika mchezo wa dadu, penseli na karatasi, jimboni Minnesota nchini Marekani.

Mchezo huo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1974 na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax aliishi katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimboni Wisconsin. Arneson naye alikuwa mtu wa Minnesota, na mapema katika miaka ya 1970 alikuwa tayari akicheza na rafiki zake katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, ndani ya ulimwengu wa kubuni alioupa jina la Blackmoor. Mchezo huu haufanani na bao wala drafti. Hakuna anayemshinda mwenzake. Wachezaji huketi kuizunguka meza, na kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa karatasini kwa sifa sita: nguvu, wepesi, siha, akili, hekima na mvuto. Kila sifa ina alama zake. Mtu mmoja huwa msimamizi. Yeye husimulia mahali wahusika walipo na yanayowakabili, nao wachezaji husema wahusika wao wanafanya nini. Jambo likiwa gumu, dadu lenye pande ishirini hurushwa ili kuamua kama limefaulu. Ukiutazama vizuri, ni kama ngano za paukwa pakawa, ila wasikilizaji wanaruhusiwa kumkatiza msimulizi na kuingia ndani ya hadithi.

Mimi na mama tulihamia Saint Paul nikiwa na umri wa miaka kumi na sita, tukitokea Majengo, Mombasa. Mdogo wangu wa kiume alibaki na nyanya. Tulifika mwezi wa Novemba, majira ya baridi yakibisha hodi. Kufikia Januari, siku nyingine kipimajoto kilishuka hadi nyuzi ishirini chini ya sufuri. Nilipokuwa nikisubiri basi, pumzi yangu iligeuka barafu kwenye shali, na kope zikashikana. Maziwa yaliganda hadi watu wakaingiza magari juu yake, wakatoboa matundu katika barafu na kuketi kuvua samaki. Mtu aliyezaliwa kando ya Bahari ya Hindi akisimuliwa kuhusu gari lililoegeshwa juu ya ziwa hudhani anapigiwa chuku.

Baridi ya nje nilikuwa nimeonywa kuihusu. Ile ya darasani sikuwa nimeonywa. Kiingereza changu kilikuwa kizuri katika maandishi, lakini kila nilipofungua kinywa niliombwa nirudie. Nilirudia mara moja, mara mbili, kisha nikaanza kunyamaza. Jumamosi nilikimbilia maktaba ya umma, kwa kuwa palikuwa na joto na hapakuwa na kiingilio. Ni huko nilikoliona kundi lililokuwa likicheza: msichana mmoja wa Kihmong, mvulana wa Kisomali, na ndugu wawili wenyeji wa mtaa ule. Msimamizi wao alikuwa mzee mmoja mstaafu. Yeye alitumia vitabu vya toleo la zamani kwa sababu alikwisha kuvinunua na hakuona haja ya kununua vingine. Aliniona nikichungulia, akanivutia kiti.

Ilinibidi nichague aina ya mhusika. Mzee alinisogezea kitabu kiitwacho Expanded Psionics Handbook, kilichoandikwa na Bruce Cordell na kutolewa mwaka wa 2004. Kitabu hicho kinahusu nguvu za akili, yaani uwezo ambao mhusika huutoa ndani ya nafsi yake bila kutegemea uchawi wala miungu. Nguvu za aina hii ziliingia katika mchezo mwaka wa 1976 kupitia kijitabu cha Eldritch Wizardry. Mwaka wa 1991 zikapata ulimwengu unaozifaa zaidi, uitwao Dark Sun. Huko kuna jangwa la Athas, ambako maji ni adimu na chuma ni adimu, na wachawi wamenyonya uhai wa mimea na udongo. Katika ulimwengu huo, karibu kila mhusika ana chembe ya nguvu za akili. Nilipoyasoma hayo niliona mantiki yake: penye mazingira yasiyomhurumia mtu, mtu hulazimika kutafuta hifadhi ndani yake mwenyewe.

Nilicheza miezi kadhaa hadi mhusika wangu akafika ngazi ya tisa, ambapo mabingwa wa nguvu za akili hufunguliwa mlango wa nguvu za daraja la tano. Miongoni mwa nguvu hizo kuna moja iitwayo Adapt Body, yaani kuuzoesha mwili. Sikuhitaji kusoma ukurasa wa pili. Kitabu kinasema kuwa mwenye nguvu hii anaweza kuishi ndani ya maji, katika joto kali, katika baridi kali, na mahali pasipo na hewa, kana kwamba amezaliwa huko. Hahitaji kutangaza mapema anakwenda wapi. Akishaiwasha, mwili wake hujigeuza wenyewe kila anapoingia katika mazingira mapya. Hata penye moto, tindikali au lava, hupata nusu tu ya madhara ambayo mwingine angeyapata.

Msichana anayengoja basi katika baridi ya nyuzi ishirini chini ya sufuri akiambiwa achague nguvu moja, atachagua gani nyingine?

Mzee alinitaka nisome masharti pia. Kwanza, nguvu hii ina gharama. Mhusika wangu alikuwa na alama 72 za nguvu kwa siku, ukiacha nyongeza inayotokana na akili yake, na kuiwasha mara moja kulimgharimu alama tisa. Alama zikiisha hazirejei hadi alale na kupumzika kwa muda wa saa nane. Pili, nguvu ina kikomo. Hudumu saa moja kwa kila ngazi, kwa hiyo mimi nilikuwa na saa tisa. Tatu, haiondoi uzito wa mazingira. Ukiwa majini utapumua, lakini kama hujui kuogelea bado hujui kuogelea. Nne, haimzuii adui. Itakulinda dhidi ya jangwa lenye joto, lakini joka akikutemea moto utaungua kama wengine. Sharti la tano lilikuwa fupi kuliko yote, nalo ndilo lililonifikirisha zaidi. Nguvu hii humfaa mwenyewe peke yake. Huwezi kumpa mwenzako.

Mtahiniwa anayesoma Biolojia atatambua kwamba mwili wa binadamu nao una nguvu inayokaribiana na hiyo. Tukipigwa na baridi, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa amri. Mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi hujibana ili joto lisipotee, na misuli hutetemeka ili kuzalisha joto jipya. Mtu akipanda mlima mrefu na kukaa huko, mwili wake huongeza chembe nyekundu za damu ili kuikamata ile hewa kidogo iliyopo. Wako Wabajau wa kusini mashariki mwa Asia, ambao kwa vizazi vingi wameishi kwa kupiga mbizi. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 ulionyesha kuwa wengu wao ni mkubwa kwa takriban nusu kuliko wa majirani zao wasiopiga mbizi. Wengu huo huhifadhi damu yenye oksijeni na kuisukuma mwilini wanapokuwa chini ya maji.

Tofauti ni kwamba mwili hauna haraka. Mchezoni hubadilika kufumba na kufumbua; katika maisha huchukua siku, majuma, au vizazi. Gharama nayo ipo, kwa maana anayetetemeka hutumia chakula alichokula. Tena ipo njia nyingine ambayo kitabu cha mchezo hakiitaji, nayo ni kuyabadilisha mazingira badala ya mwili. Tangu mwaka wa 1962 wakazi wa Minneapolis wamekuwa wakijenga vijia vya vioo vinavyopita juu ya barabara na kuunganisha jengo na jengo. Leo mtu anaweza kutembea sehemu kubwa ya katikati ya mji bila kuvaa koti. Hakuna aliyezaliwa na vijia hivyo. Walivijenga kwa faida ya wote, hata ya mgeni aliyefika jana.

Mwezi wa Februari, mzee alituweka mahali pabaya. Wahusika wetu watano walikuwa wamenaswa katika ghala la chini ya ngome, na maji yalikuwa yakipanda kutoka sakafuni. Mlango wa juu ulikuwa umeporomoka. Njia pekee iliyobaki ilikuwa handaki lililojaa maji hadi darini, lenye urefu wa futi themanini, yaani kama mita ishirini na nne. Upande wa pili kulikuwa na ukumbi mkavu.

Mimi ningeweza kupita. Ningetumia alama tisa, nikatembea chini ya maji kama anayetembea sokoni, nikatokea ng'ambo. Wenzangu wanne hawangeweza. Kwa kanuni za toleo lile, mtu anaweza kubana pumzi kwa raundi ambazo ni mara mbili ya alama zake za siha, na raundi moja ni sekunde sita. Mchawi wa yule msichana wa Kihmong alikuwa na siha ya alama nane. Hizo ni raundi kumi na sita, yaani sekunde tisini na sita. Baada ya hapo lazima arushe dadu kila raundi, na kila raundi kiwango cha kufaulu hupanda. Akikosa mara moja, huzirai. Raundi inayofuata yu karibu kufa, na ya tatu amekufa.

Mmoja wa wale ndugu wawili alisema, "Wewe nenda. Angalau mmoja wetu atafika na ile ramani." Alisema kwa nia njema. Ndivyo hesabu ilivyoonyesha.

Niliitazama karatasi yangu. Mbali na nguvu zangu zote nilikuwa nimeandika, siku ya kwanza kabisa, kitu nilichokinunua kwa kuwa kilikuwa rahisi: kamba ya katani ya futi hamsini. Mvulana wa Kisomali naye alikuwa na ya kwake. Tuliziunganisha.

Tulipanga hivi. Nitembee hadi ng'ambo na ncha moja ya kamba. Aliye nyuma ajifunge ncha ya pili, avute mara mbili kunipa ishara, nami nimvute kwa nguvu zangu zote. Kisha nirudi na ncha ileile kumchukua mwingine, wakati aliyekwisha kuvuka akisaidia kuvuta. Nilivuka handaki lile mara saba. Sikuogelea hata mara moja, maana mhusika wangu hakujua. Nilitembea juu ya matope nikishika ukuta. Wale ndugu wawili walipita salama. Ilipofika zamu ya mchawi, kamba ilinasa kwenye jiwe katikati ya njia. Nililazimika kumwacha, nikaenda kuinasua, nikarudi. Raundi zake kumi na sita zikaisha. Msichana akalishika dadu, mkono wake ukitetemeka kama aliye majini kweli. Alihitaji kumi, akapata. Raundi iliyofuata alihitaji kumi na moja, akapata. Alihitaji kumi na mbili. Dadu liliviringika hadi ukingoni mwa meza, likasimama juu ya kumi na tano, na kichwa cha mchawi kikatokeza ng'ambo.

Wa mwisho alikuwa shujaa wa yule mvulana wa Kisomali. Alivaa deraya nzito ya chuma aliyoipata baada ya miezi ya kucheza, na hakuna kamba ambayo ingemvuta nayo. Aliifuta karatasini kwa raba, taratibu, mstari kwa mstari. Akajifunga kamba.

Nilirudi nyumbani jioni hiyo kumekwisha kuwa giza. Katika Desemba mchana wa huko ni wa takriban saa tisa tu, na Februari bado jioni huwahi. Mama alikuwa ameamka, akijiandaa kwenda kazini. Alikuwa akifua mashuka usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Alitoka kazini alfajiri, akalala mchana, akaamka jua likiwa limetua. Kwa majuma mengi hakuliona kabisa. Mimi kufikia wakati huo nilikwisha kuzoea. Nilijua mabasi yote, nilijua kuvaa nguo tabaka kwa tabaka, na mezani pale maktabani ulimi wangu ulikuwa umefunguka. Mama alikuwa bado chini ya maji.

Mombasa alikuwa amefanya kazi ya zahanati kwa miaka kumi na mmoja. Alijua kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumuumiza, kumlisha aliyepooza, na kuhesabu mapigo ya moyo kwa vidole viwili. Ili afanye kazi hiyo Minnesota alihitaji cheti cha msaidizi wa muuguzi, na ili apate cheti alihitaji kufaulu mtihani wenye sehemu mbili, wa maswali na wa vitendo, wote kwa Kiingereza. Mshahara wa kazi hiyo ulizidi ule wa kufua, na tofauti yake ndiyo ingekuwa karo ya mdogo wangu, aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza. Fomu ya kujiandikisha ilikuwa imekaa juu ya jokofu tangu Desemba.

"Mama," nikamwambia, "ile fomu tuijaze."

"Mwanangu, wewe umeshazoea," akanijibu huku akifunga viatu. "Mimi niache nifue. Mashuka hayaniulizi nimesema nini."

Sikumjibu kwa hoja. Nilijua kuwa sina uwezo wa kumtilia mazoea yangu mwilini, kama vile kitabu kilivyosema. Kilichowezekana ni kutembea hadi aliko nikiwa na ncha ya kamba. Kesho yake, nusu saa kabla ya kwenda kazini, nikajilaza kwenye kochi.

"Labda tucheze," nikasema. "Mimi ni bibi kizee wa miaka themanini na mitano. Nimevunjika nyonga na nina hasira. Wewe ni msaidizi wa muuguzi, leo ni siku yako ya kwanza. Bisha hodi, uingie, ujitambulishe. Kwa Kiingereza."

Mama alinitazama kama mtu anayejiuliza iwapo baridi imeniingia kichwani. Kisha akabisha hodi kwenye meza.

Hapo ndipo nilipoona ajabu ya mchezo ule. Mama aliyenyamaza dukani, aliyenyamaza kwenye basi, alipokuwa mtu mwingine alizungumza. Alikosea na kuendelea, kwa kuwa anayekosea ni yule mhusika. Nilikataa kula, akanibembeleza. Nililalamika kuwa maji ni ya moto, akayapima kwa kiwiko na kunieleza anachofanya. Tulicheza hivyo kila siku ya kazi, nusu saa, si zaidi, kwa sababu mimi pia nilikuwa na kazi zangu za shule na alama zangu za siku zilikuwa na hesabu. Maneno magumu tuliyaandika kwenye vipande vya karatasi na kuyabandika: la kitanda kwenye kitanda, la shinikizo la damu kwenye mkono wa kochi. Jumapili moja mvulana wa Kisomali na msichana wa Kihmong walikuja nyumbani, wakalala sakafuni, nasi tukawa na wodi nzima. Mama yake msichana yule alikuwa amefanya mtihani uohuo miaka ya nyuma. Alitutumia kitabu chake cha mazoezi, kikiwa na majibu yaliyoandikwa kwa penseli.

Mwezi wa Aprili mama alifanya mtihani. Sehemu ya vitendo alifaulu. Ile ya maswali alikosa kwa alama chache. Usiku ule alienda kufua kama kawaida, na mimi sikujua kama kesho yake angebisha hodi kwenye meza. Nilijilaza kochini nikangoja. Saa ilipofika, nikasikia kidole kikigonga mara tatu.

"Good afternoon," akasema mama. "How is your hip today?"

Alirudia mtihani mwezi wa Mei, barafu ikiwa imeyeyuka ziwani, akafaulu.

Nisingependa msomaji adhani kuwa tangu siku hiyo mambo yalinyooka kama reli. Matamshi ya mama ni yaleyale ya Majengo, na wako wanaomwomba arudie. Baridi bado humuuma magoti. Ile kanuni ya tatu inabaki: kupumua majini si kuogelea. Lakini sasa hufanya kazi mchana, wazee humwita kwa jina, na karo ya mdogo wangu hulipwa kabla ya shule kufunguliwa. Mwaka huu mdogo wangu yuko kidato cha nne. Ni mtahiniwa kama wewe.

Nilipompigia simu majuzi alinieleza kuwa darasani mwao wako wanaoifahamu Hisabati kama kiganja cha mkono, na wako ambao kila kipindi chake ni handaki lililojaa maji. Nilimwambia machache, nayo nayaandika hapa. Mtihani ni mazingira magumu, na ipo namna ya kuuzoesha mwili na akili. Mazoea hayo hayaji usiku mmoja. Huja kwa siku nyingi za kurudiarudia. Yana gharama, kwa hiyo pima nguvu zako, usizimalize zote kwenye somo moja. Lala, kwa sababu alama hazirejei kwa mtu asiyelala. Usishangae ukiingia chumba cha mtihani ukiwa umejiandaa na bado ukaona uzito, kwani uzito wa maji hauondoki kwa sababu umejifunza kupumua.

Aliyekwisha kuelewa asihesabu tu kwamba yeye atavuka. Wapo nyuma yake wenye sekunde tisini na sita. Kumweleza mwenzako kanuni moja ya maumbo, kumsikiliza akisoma insha yake, kumwazima daftari lenye majibu ya penseli, yote hayo ni kamba ya katani, kitu cha bei rahisi ambacho karibu kila mmoja anacho na hukisahau. Huenda ukalazimika kuvuka handaki mara saba. Huenda mwingine akalazimika kuiacha deraya yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mhusika mmoja, hata akiwa na nguvu zote za kitabu, hafiki ng'ambo na kundi lake kwa kupumua peke yake.

Maswali ya marudio

1. Taja masharti matano ya nguvu ya kuuzoesha mwili kama yalivyoelezwa katika insha.
2. Eleza tofauti mbili kati ya mazoea ya mwili wa binadamu na yale ya mchezoni.
3. "Mama alikuwa bado chini ya maji." Eleza tamathali iliyotumika na umuhimu wake.
4. Kwa nini mama aliweza kuzungumza Kiingereza katika mchezo wa kochini ilhali alinyamaza dukani?
5. Eleza maana ya: (a) kupigiwa chuku (b) kufumba na kufumbua (c) kunyooka kama reli.
6. Andika insha itakayodhihirisha maana ya methali: Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho.